Reli Nilizong'oa Mwenyewe

Ni mimi niliyezing'oa. Sina sababu ya kuficha, maana mtaa mzima unajua, na asiyejua ataambiwa na jirani yangu wa mbele kabla hajamaliza kunisalimu. Mwisho wa njia yetu, pale nyumba zinapokoma na kiwanja kinapoanza, zilikuwa zimesimikwa reli tatu fupi, zikimfika mtu kifuani, nyeusi kwa kutu na kwa migongo ya watoto waliokua wakiziegemea. Zilisimikwa na wazee wetu, wengi wao watu wa gari moshi, ambao kwao kipande cha reli kilikuwa dawa ya kila kitu: nguzo ya geti, kengele ya kanisa, mguu wa kitanda. Kazi ya zile tatu ilikuwa moja tu, gari lisipite. Na asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi na shati halijafungwa vifungo, mimi nikazitoa.

Lazima kwanza uelewe kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba naogopa mji. Mji na mimi tulikubaliana zamani kila mmoja akae kwake. Kidato cha nne nilimaliza, dunia haikuniita tena, nami sikuipigia kelele. Natengeneza redio na pasi pale barazani kwa baba yangu, nyumba ile ile niliyozaliwa, na mtu akitaka kunipata haulizi niko wapi, anauliza tu kama nimeamka.

Sasa mtu asiyetoka akiulizwa njia hupata homa ya furaha. Lori la kokoto lilikuwa limepotea, likaingia kwetu likisaga mawe, na dereva, kijana wa kofia, akanyoosha shingo dirishani.

"Mzae, niaje! Huku kuna njia ya kutokea kwa mjengo?"

Mjengo huo ulikuwa ndio kwanza unaanza ng'ambo ya kiwanja. Tulikuwa tumeona mabati yamezungushwa na shimo limechimbwa, basi. Ningeweza kumwambia arudi barabara kubwa azunguke. Badala yake nikaweka kikombe chini. Nilijua siri ya zile reli: hazikumwagiwa saruji, zilikuwa zimeketi ndani ya mabomba, na ukizizungusha kidogo kushoto na kuzivuta juu, zinatoka kama jino la mtoto. Mtaani kwetu zilitolewa kwa sababu mbili tu. Gari la maiti likija kumchukua mtu kumpeleka kwao kuzikwa, na magari ya harusi yakija kumchukua bibi harusi. Siku hiyo hiyo zilirudishwa.

Nikazing'oa zote tatu, moja baada ya nyingine, jasho likinitoka. "Mzae, bado una nguvu!" dereva akasema. Kwa sentensi hiyo ningeng'oa na geti la kwangu.

Jirani yangu wa mbele alikuwa amesimama kwake, ufagio mkononi.

"Umewafungulia?"

"Lori moja tu!"

"Na lori halina ndugu?"

Nikaziegemeza reli kwenye ua wa kayaba, nikisema nitazirudisha lori likishatoka. Halafu nikasahau. Nilikuwa na redio ya mtu mezani. Kesho yake asubuhi ua wa kayaba ulikuwa pale, reli hazikuwepo. Watu wa vyuma chakavu huamka mapema kuliko mimi, kama walivyo watu wengine wote. Na lori lilikuwa na ndugu, binamu na wakwe.

Nikikumbuka njia yetu ilivyokuwa kabla ya hapo, nakumbuka kwanza kimya, ingawa haikuwa kimya hata kidogo. Kulikuwa na watoto, redio, cherehani, kwaya ikifanya mazoezi nyumba ya tatu, mtu anamfokea mtu kwa sababu ya kamba ya nguo. Lakini zilikuwa sauti za watu. Lami ilikuwa imechorwa chaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na mpira wa karatasi za nailoni ulikuwa na haki ya njia. Kamba za nguo zilivuka juu kutoka nyumba hii hadi ile, kwa hiyo Jumamosi ulipita chini ya shuka za majirani ukijua nani amenunua mpya.

Katikati ya njia kabisa, mbele ya geti lake, ndipo mume wa jirani yangu alikuwa akikaa. Alikuwa mchongaji, mtu wa Ukambani, mpole, mwenye tezo aliyoipenda kuliko chakula. Alikaa juu ya kigoda chake, mti kati ya magoti, akichonga twiga na vijiko, na vumbi la mbao lilipeperuka likaingia kwenye chai yangu upande wa pili. Sikulalamika. Chai ya bila mbao niliiona kama haina kitu. Tulizungumza hivyo, yeye kwenye lami, mkewe getini, mimi barazani, siku nzima, bila mtu kupandisha sauti. Mke akiishiwa chumvi, sahani ilivuka. Mimi nikiishiwa mboga, ambayo ni kila siku, sahani ilivuka ikirudi.

Alikufa kabla ya mjengo. Reli zikatolewa kwa ajili yake, zikarudishwa jioni, nami ndiye niliyezirudisha. Nataka hilo nalo likumbukwe, kwa kuwa hakuna anayelitaja.

Fleti zikapanda. Kila nikiinua macho kutoka kwa pasi ya mtu, palikuwa na ghorofa jipya, mpaka jua la asubuhi likaanza kutufikia tukiwa tumeshamaliza chai. Watu wakahamia, watu wazuri tu, wenye masofa yaliyofungwa nailoni. Lakini geti lao kubwa lilitokea barabara ambayo tayari ilikuwa imejaa, na kila mwenye gari aliyechoka kusubiri aligundua kile kile alichogundua dereva wa lori: kuna njia ndogo, haina reli, ina mzee mmoja anatengeneza redio. Asubuhi walitoka kupitia kwetu, jioni walirudi kupitia kwetu, na mchana pikipiki zao za mizigo zilishona kati. Kamba za nguo zikashushwa. Watoto wakahamia ndani, kwenye simu. Pale alipokuwa akikaa mchongaji, magurudumu yakalima shimo, na mvua ikinyesha shimo lilitutapikia sote.

Mazungumzo yangu na jirani nayo yakawa ya vipande.

"Jirani! Una—"

Gari.

"—vitunguu?"

"Nina—"

Pikipiki, na nyingine nyuma yake.

"—viwili!"

Na vitunguu vyenyewe vilikaa mkononi mwangu hadi nipate mwanya wa kuvuka, nikitazama kulia na kushoto kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, mimi niliyejifunza kutembea kwenye lami hiyo hiyo.

Kulikuwa na gari moja dogo la buluu tuliloliogopa zaidi. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo wa kule fleti, na honi yake ilikuwa ndefu, ya mtu aliyeilalia. Kila asubuhi aliipiga kuanzia kwenye mashimo ya zile reli hadi barabara kubwa, bila kupumzika. Jirani yangu aliitikia kila siku kutoka jikoni kwa maneno ambayo kanisani hayajulikani.

Mambo yakafika kilele kitinda mimba wa jirani yangu alipochumbiwa. Mvulana alikuwa wa watu wa magharibi, mtu wa heshima, na mahari yalikuwa yameshazungumzwa. Ikabaki harusi. Mabinti wawili wakubwa wakaja nyumbani kwa mama yao, wakakaa sebuleni, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi na mimi sina kazi nyingine, nikasikia.

"Mama, siku hizi watu hawachukuliwi nyumbani. Atalala hotelini, apambwe huko, magari yamchukue huko. Hapa na haya magari itakuwa fujo."

Kisha sauti ya jirani yangu. "Nyinyi wawili mlitoka kwa geti hili. Wa tatu atoke kwa mlango wa hoteli, kama mgeni aliyelipia chumba?"

Kwa asiyejua, desturi yetu ni hii. Asubuhi ya harusi watu wa bwana harusi huja na kukuta geti limefungwa kwa kufuli. Wanawake wao huimba nje, wanawake wetu hujibu ndani kwa kejeli: hatuwajui, mmepotea, rudini kwenu, hapa hakuna msichana. Huendelea hivyo mpaka walio ndani waridhike. Geti halifunguliwi kwa kimya, wala halifunguliwi kwa wanaume. Mara zile mbili za kwanza mwenye ufunguo alikuwa mchongaji. Aliketi ndani ya geti juu ya kigoda chake, ufunguo mfukoni, akijifanya kiziwi. "Mnasema nini? Sisikii!" Njia nzima ilivunjika mbavu, na waimbaji wakalazimika kuanza upya. Mke wake alitaka kukaa kwenye kigoda kile. Hakutaka kingine. Ukumbi angeweza kukodi, hema angeweza kulipeleka popote. Geti halihamishiki.

Jioni ile akaja kusimama ukingoni mwa lami, upande wake, akasubiri mwanya.

"Wewe ndiye uliyeifungua hii njia," akaniambia. "Jumamosi ya harusi utaifunga."

Nikaifunga. Nilijaribu, angalau. Kwanza nikaenda fleti, safari ya kuvuka kiwanja ambayo kwangu ilikuwa kama kwenda Mombasa. Nilivaa viatu. Askari wa getini akaniuliza naenda nyumba ipi.

"Hakuna. Nimekuja kuongea na magari."

Akanitazama sana. Lakini akaniacha nisimame pale kando, nami nikainamia kila dirisha lililoshuka, nikisema Jumamosi kuna harusi, tunaomba mzunguke. Wengi walisema sawa bila kunitazama. Gari la buluu likafika. Kioo kikashuka hadi nusu.

"Nizungukie wapi?"

Nikamweleza: barabara kubwa, kwenye mzunguko, urudi kwa chini.

"Wewe umewahi kupita huko?"

Nikasema ukweli, kwamba mimi sijawahi kupita popote. Kioo kikapanda. Nadhani alicheka, lakini kioo kilikuwa cheusi.

Jumamosi ikafika. Wajomba wa bibi harusi waliweka benchi pale penye mashimo ya reli, wakakaa juu yake, na hilo lilitosha upande huo. Mimi nilipewa mdomo wa njia, upande wa barabara kubwa. Nikaweka kiti cha plastiki katikati ya lami, nikaketi. Amri ya jirani yangu ilikuwa fupi: "Lenye maua lipite. Lisilo na maua, geuza."

Sijawahi kuwa na cheo maishani, na pengine ni vizuri. Mwanzoni niliomba samahani, lakini jua lilivyopanda nikaanza kunyoosha kidole tu. Watu walinidanganya kila aina ya uongo. Mmoja alikuwa amebeba mgonjwa, na mgonjwa alikuwa anakula mahindi. Mwingine akasema yeye ndiye mchungaji wa harusi. Nikamuuliza bwana harusi ni mrefu au mfupi, akarudi kinyumenyume.

Ndipo likaja basi dogo la kukodi, vumbi tupu, halina hata uzi wa utepe. Dereva akatoa kichwa.

"Mzae, tunaenda harusi."

"Hata mimi," nikamwambia. "Geuza."

"Niko na wamama hapa, mzae, tunangojewa."

"Wote wananiambia wanangojewa. Mzunguko uko mbele, urudi kwa chini."

Mwanamke mmoja ndani alianza kusema kitu kwa hasira, lakini dereva alikuwa ameshachoka nami. Wakageuka. Nikajipangusa jasho, nikajiona askari.

Baada yake kidogo likaja gari la buluu, likitoka sokoni, limejaa sukuma wiki hadi kwenye kioo cha nyuma. Nikainua mkono.

"Hiyo njia yako ya kuzunguka nimeijaribu," yule mama akasema. "Magari hayasongi hata hatua. Mimi sirudi huko. Na harusi yako siivunji." Akaliegesha kando ya njia, akazima, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, akakaa hivyo akila ndizi. Sikuwa na amri kuhusu magari yaliyosimama.

Hatimaye magari ya bwana harusi yakaja, maua mbele na nyuma, taa zimewashwa. Nikaondoa kiti kwa mbwembwe. Yakapita hadi getini, nami nikayafuata mbio, nisikose kejeli.

Hakukuwa na kejeli. Milango ikafunguliwa, wakashuka wanaume tupu. Bwana harusi, msimamizi wake, baba zake wadogo, wote wamevaa suti, wote wanatazamana. Ndani ya geti tulisikia wanawake wetu wakijikohoza, tayari. Nje kimya.

"Wako wapi wamama wenu?" nikauliza.

Bwana harusi alikuwa kwenye simu. Akasikiliza, akanigeukia polepole. "Mashangazi wamekwama kwa msongamano huko kwa mzunguko. Wanasema utepe wao ulipeperushwa na upepo. Wanasema kuna mzee wa kiti amewafukuza."

Sijui kama umewahi kutazamwa na familia nzima yenye suti.

Wanaume wakajaribu kuimba. Walisikika kama watu wanaosukuma lori kwenye tope. Kutoka ndani jirani yangu akauliza, "Ni wagonjwa hao? Wapelekeni hospitali," na wanawake wake wakacheka, lakini niliijua sauti yake. Kulikuwa na kitu chini yake. Kanisa lilikuwa linangoja, saa zilikuwa zinakwenda, na ilibaki kidogo tu mtu mwenye busara aseme basi, fungueni, tumechelewa. Angefungua. Na ingekuwa imekwisha, kigoda, ufunguo na yote, binti wa tatu akitoka kama mtu anayewahi kazini.

"Hakuna wa kuimba?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Yule mama wa gari la buluu alikuwa amefuata, ganda la ndizi bado mkononi. Akamtazama bwana harusi. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

Akamwambia.

"Hata sisi ni wa huko. Shika," akanipa ganda. Akatoa leso kwenye mkoba, akajifunga kiunoni, akasimama mbele ya geti, na ile sauti iliyokuwa imejificha ndani ya honi miezi yote ikatoka. Jamani. Ilikuwa ndefu kuliko honi. Aliimba kwa lugha ya kwao, kwamba tumekuja kuchukua ng'ombe wetu aliyepotea, nyayo zake zimeishia hapa. Wanawake wengine wa fleti, ambao kwa sababu yangu siku hiyo walikuwa wanatembea kwa miguu, wakasimama na vikapu vyao. Mmoja akaitikia. Wakaitikia wote. Wetu wa ndani wakajibu kwa Kikamba na Kiswahili, hapa hatufugi ng'ombe, tunafuga malkia, na wa nje wakawapandia juu, na wa ndani wakapiga geti kwa mwiko.

Wimbo ulipokatika wavute pumzi, jirani yangu akasema kutoka kwenye kigoda, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, "Mnasema nini? Sisikii!"

Njia nzima ikavunjika mbavu. Mimi nilikuwa na ganda la ndizi mkononi na sikuweza kucheka vizuri. Wakaanza upya, na mara hiyo kufuli likalia.

Binti alitoka pale pale walipotoka dada zake. Gurudumu la gari lake la maua lilipita kwenye lile shimo, mahali alipokuwa akikaa baba yake, likayumba kidogo, likaendelea. Na nyuma ya msafara gari la buluu, ambalo yule mama alikuwa amelisogeza hadi hapo na sukuma wiki yake, likapiga honi kutoka getini hadi barabara kubwa bila kupumzika. Sikusikia neno baya hata moja kutoka jikoni.

Kanisani sikwenda. Mtu alipaswa kulinda hema.

Jumatatu magari yalirudi yote. Hatukuwa tumefunga chochote, tulikuwa tumekopa siku. Lakini gari la buluu sasa hupunguza mwendo likifika kwenye shimo, na jirani yangu humwinulia ufagio, ambayo ni salamu, nadhani. Jioni moja magari yalipopungua nikamwita jirani kutoka barazani, nikamwambia nimekuwa nikifikiri. Naweza kwenda kwa watu wa vyuma chakavu, nitafute reli nyingine tatu. Kesho, nikiamka mapema.

Alisubiri pikipiki ipite. Halafu akasema:

"Miaka yote umelala, tukakaa vizuri. Siku moja ukaamka, ukatuletea magari. Siku ya pili ukaamka, ukafukuza mashangazi. Jirani, wewe lala tu."